Zege Lako la Barazani

Baba,

Naandika nikiwa nimekaa barazani kwetu Kawajense, nimeegemea nguzo ya kwanza. Nguzo zote nne ni laini sasa, zina chokaa. Nilizipiga lipu wiki tatu baada ya kukuzika, kabla wageni wa arobaini hawajafika. Nilisema ni kwa ajili ya wageni. Uongo, Baba. Nilikuwa naona aibu.

Si unajua maneno ya majirani. Fundi aliyejengea watu nyumba nzuri Mpanda nzima, kwake baraza limeachwa zege tupu, mistari ya mabanzi ya mninga inaonekana utadhani tumebandua mbao juzi. Ukiulizwa, ulikuwa unakoroga chai yako na kujibu, "Zege likitoka safi halihitaji poda." Nilikereka na jibu hilo tangu utotoni. Nimekuja kuwa mwalimu wa ujenzi chuoni, na bado wanafunzi wangu wakipita pale nilikuwa natazama pembeni.

Mwezi uliopita chuo kilitupeleka walimu watatu Ufaransa kwa mafunzo. Siku moja tukapandishwa kilimani kuona nyumba ya watawa ambayo wajenzi wa dunia nzima huenda kuitazama. Baba, ni zege tupu. Hakuna lipu, hakuna rangi. Mistari ya mbao ipo, macho ya mbao yapo, hata mahali zege la jana lilipokutana na la leo panaonekana, na watu wanaingia wakinong'ona. Nikasahau kwamba mimi ni mgeni. Nikaugonga ukuta kwa kidole na kuweka sikio, ulivyonifundisha kusikiliza kama kuna uwazi ndani. Mama mmoja mlinzi akaja mbio. Mkalimani akamweleza kwamba huyu ni fundi, kwao zege huulizwa hivyo, akaniacha. Nikagonga tena. Likajibu zito, safi, kama lako, nikaanza kulia mbele za watu. Nilijiona na mwiko wangu mkononi, nakufuta.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga kuibandua ile lipu. Nimefika, begi sijafungua, nimeshika tindo na nyundo. Mama akatoka jikoni kuniuliza nina wazimu gani. Nikamweleza yote, mpaka lile la aibu. Akakaa chini akacheka, mara ya kwanza tangu ututoke.

Akaniambia saruji ya lipu ya baraza uliipeleka Katumba kwa bibi, ukuta wake ulipoanguka na masika yameshaanza. Kila ulipotaka kununua nyingine, likazuka jambo. "Baba yako alitaka lipu kuliko mimi," alisema. "Hayo ya poda aliyasema ili mama yangu asijue kwamba ndiye aliyetukosesha."

Nikaweka nyundo chini. Miaka yote hiyo watu wanakucheka, na mimi mwanao nawasaidia, wewe umekaa kimya unamstahi mkweo. Nakwambia ukweli, nimekasirika kidogo. Ungeninong'oneza hata mimi, Baba, ningejua kunyamaza. Halafu hasira ikaisha, nikabaki nakutamani tu, uje ukae hapa upitishe kiganja kwenye nguzo na kuniambia wapi nimekosea. Nguzo ya tatu imepinda kidogo kwa juu, ungeiona kabla hujavua kofia.

Nisamehe. Lipu siiombei msamaha, maana kumbe nilikumalizia kazi. Naomba unisamehe ile aibu.

Bibi amekuja jana kutoka Katumba. Leo asubuhi amezunguka nguzo zote, akasema sasa baraza ni baraza, na kwamba mkwe wake alikuwa mtu mwema ila kwenye nyumba yake alikuwa mkaidi. Akaniuliza kwa nini hasa uliliacha vile miaka yote. Mama akaniangalia.

Nikamjibu kwamba ndivyo ulivyopenda.

Pumzika, Baba. Kwangu hatasikia.

Binti yako,
Skola