Uradi wa Akiba Yetu

Kariakoo, Alhamisi, mwaka wa thelathini na nane tangu nihame mtaa huu.

Mama Rashidi,

Salamu kutoka kwenye joto na tope. Kila alasiri nimekuwa nikinywa kahawa kwenye kibaraza kilekile cha ujana wangu, ingawa wanaonikumbuka kwa jina wamebaki wawili.

Unakumbuka mwanetu alivyotuonya: akiba yetu ya sarafu za mtandaoni iliyo kwenye simu haina benki wala ofisi ya kulalamikia, ina maneno kumi na mawili tu, na anayeyajua ndiye mwenye pesa. Tusiyaandike popote. Basi mimi huyarudia kwa tasbihi, kama tulivyohifadhi Kurani chuoni. Jana kibarazani nilikwama katikati. Shomari, muuza kahawa, akanitajia neno lililofuata huku akimimina.

"Umelijuaje?"

"Mzee, uradi wako huo hata sisi tumeuhifadhi. Unarudia kama spika ya machinga."

Kibaraza kizima kikacheka. Nikacheka nao, kisha nikakiacha kikombe hakijaisha. Nilikimbilia chumbani, nikaihamishia akiba yote kwenye maneno mapya. Ilikuwa bado salama. Mapya siyaandiki hapa, maana kadi hii ya posta haina bahasha. Nitakunong'oneza nikifika.

Shomari ni mtu mwema, alitaka kunisaidia tu. Ila midomo yangu haijui kunyamaza. Leo nimepita ng'ambo ya barabara. Wameniita nikanywe, nikapunga mkono.

Lipake goti mafuta, baridi ya huko isikuonee. Kibarazani sitarudi.

Baba Rashidi