Barasa, Nimefunga Injini ya Jeti

Barasa, mulembe.

Nimeanza na salamu ya kwenu, kwa hivyo ujue kuna jambo. Jumatatu nilishika grinda nikaukata ule mfupa wa chini wa boti yetu, kuanzia nyuma, karibu mita moja. Ndio, mfupa ule ule niliokukazania mpaka tukakosana. Ulipoanguka kwenye sakafu Mama Wangari alitoka jikoni mbio akidhani nimejikata, akanikuta nimekaa chini na miwani ya kazi bado usoni. Nilimwambia ni vumbi la alumini limeniingia machoni. Aliniangalia, akarudi kwa sufuria zake.

Wacha nianze mwanzo, maana wewe hukupenda habari iliyorukwa.

Tangu tukuzike Kimilili boti imekaa hapa kwangu Makongeni chini ya mabati, haina injini, na kuku wa Mama Wangari wamehamia ndani. Tunakula mayai ya boti. Binti yako Nekesa bado yuko Kimbo na kibanda chake cha samaki karibu na steji, lakini sasa samaki ananunua kwa mabroka, samaki waliolala kwa barafu mpaka macho yamezama. Wale watu wa nyama choma kule Kamakis waliokuwa wanachukua mumi wetu wanamuuliza kila wiki samaki wa mto wanarudi lini. Msichana amechoka kujibu. Majuzi alikuja hapa, akaketi kwenye ukingo wa boti, akaniambia, “Anko, hii kitu si ya kuangaliwa. Isiposhuka mtoni kufikia Pasaka, nafunga kibanda narudi nyumbani.” Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha.

Sasa unaona. Ilibidi nichague injini, na nikikosea, mtoto wako anafungasha. Na neno injini kati yangu na wewe lilikuwa kidonda.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponipa samaki. Tulikuwa karakana ya kiwanda, mimi kwenye mashine ya kukereza vyuma, wewe fundi wa pampu uliyetoka magharibi na kibuyu cha maziwa na maneno mengi. Ulifungua kopo la chakula na mimi nikasogea mbali. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha kule Gatanga kwamba samaki ni nyoka wa majini, na mtu mzima haweki nyoka kinywani. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia, “Baba Wangari, nyoka gani huyu ana ladha ya Krismasi?” Nilikula kipande kimoja ili unyamaze. Kesho yake nilikuuliza kama umebeba tena.

Mama Wangari alikataa kabisa sufuria zake ziguswe. Akanunua moja ndogo, akaitundika nje kwa msumari nyuma ya nyumba, akasema hiyo ndiyo ya Barasa na nyoka zake. Miaka yote hiyo sufuria ililala nje kama mbwa. Sasa sikia. Wiki moja baada ya mazishi niliamka nikaikuta jikoni, imesuguliwa, imepangwa na zingine. Sikumuuliza. Kuna vitu mtu akiviuliza anaviharibu.

Halafu kuna habari ya pini. Hii lazima niiseme, kwa sababu sikuwahi kuisema vizuri ukiwa hai.

Ile injini yako ya kwanza, ya panga la kuzunguka majini, ilikuwa na pini laini inayoshikilia panga kwenye mhimili. Panga likigonga jiwe, pini inakatika, injini inapona. Na mto Athi chini ya maporomoko ya Fourteen Falls ni mawe matupu ukifika kiangazi. Kila Jumamosi tulikata pini mbili, tatu, tukapiga makasia kurudi, na wewe ukiimba. Mimi fundi wa kiwanda mzima niliona aibu. Nikakereza pini yangu, ya chuma kigumu kweli kweli, nikakuletea kama mtu aliyeleta ng'ombe wa mahari. Uliigeuza mkononi, ukasema tu, “Hii haitakatika.” Kwa kweli haikukatika. Tuligonga lile jiwe tuliloliita Supavaisa, kwa sababu linakungoja kimya na hulioni mpaka limekugonga, na pini ikabaki nzima, gia zote zikasagika ndani kama mahindi. Injini ikafia hapo. Tulipofika ukingoni watu wakauliza, na wewe ukawaambia ulikuwa unaendesha kwa kasi ya kijinga. Nilisimama kando yako nikakuacha useme hivyo. Kwangu mimi pekee, tukirudi, ulisema, “Pini ikikatika imekufa kwa niaba ya wengine. Wewe ulimkataza kufa.” Ukaanza kuongea habari ya mvua.

Ungenitukana, Barasa. Ningepumua.

Basi tukaanza kujenga boti yetu wenyewe hapa nyumbani, alumini, kila jioni baada ya kazi. Hizo ndizo jioni ninazozitamani zaidi. Wewe unapima, mimi nachomelea, Mama Wangari anapita anauliza kama Nuhu ameshasikia utabiri. Mimi nikaweka mfupa wa chini, kutoka pua mpaka mkia, kwa sababu boti isiyo na mfupa inateleza kama sabuni ukikata kona. Niliuchomelea vizuri. Ilikuwa kazi nzuri, na ulikubali.

Kisha ukaja na hiyo habari ya jeti. Vijana wa pale Juja walikuonyesha kwenye simu, boti inaruka juu ya maji ambayo kuku anaweza kuvuka. Ukanieleza kama mtu aliyeokoka. Haina panga. Ndani kuna pampu, inafyonza maji chini ya boti na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na hayo maji ndiyo yanayosukuma. Jiwe halina cha kugonga. Nami nikakujibu kama wakili. Nikasema jeti inakula theluthi ya nguvu ya injini na bado inataka mafuta zaidi. Nikasema Athi ina gugu maji, na pampu ikifyonza gugu inasakamwa kama mtoto aliyemeza mfupa. Nikasema ukipunguza mafuta usukani nao unakufa, kwa sababu kinachogeuza boti ni yale maji yanayotupwa. Yote yalikuwa kweli. Ukanisikiliza, kisha ukainama ukagusa mfupa wangu, ukasema, “Na huu lazima ukatwe nyuma. Unapasua maji, unaingiza hewa kwa pampu. Pampu itapiga kelele na haitasukuma.”

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikwambia ukitaka jeti ukajijengee boti yako Kimilili. Mtu aliyebeba aibu yangu mbele ya mto mzima. Ulichukua kasia lako ukutani, ukasema Mama Wangari alale salama, ukaenda zako Kimbo. Mwezi mzima sikupiga simu. Wewe ulipiga mara mbili na mimi nikaangalia jina lako mpaka simu ikanyamaza.

Halafu sukari ikakuangusha. Nilikuja hospitalini siku tatu mfululizo na tuliongea juu ya ugali wao mwepesi, juu ya jirani yako wa kitanda anayekoroma, juu ya Nekesa. Injini hatukuitaja. Nilikuwa naingojea siku ukipata nguvu. Unajua hiyo siku haikufika.

Sasa nije kwa kasia. Siku ile Nekesa alipotoa neno lake la Pasaka, alikuwa amelileta, amelifunga kwa leso. Alisema lilikuwa nyuma ya mlango wako na hajui kusoma zile alama. Mimi nazijua. Miaka yote ulikuwa unapima kina cha maji kwa kasia na kuchonga alama kwa kisu. Lakini hizi zilikuwa mpya, mti ulikuwa bado mweupe ndani yake. Zilipangwa kuanzia kwenye maporomoko kwenda chini, kila mahali tunapopita, na kando ya kila moja umeandika herufi. B, B, N, B. Nilikaa na hilo kasia nusu saa kabla sijaelewa. B ni mahali ambapo maji hayafiki shubiri mbili, panga haliwezi kupita, Barasa amesema kweli. N ni mahali pa gugu maji, pampu itasakamwa, Njoroge amesema kweli.

Saba zilikuwa B. Tatu zilikuwa N.

Nilimuuliza Nekesa ulienda lini. Akasema ule mwezi ambao hatukuongea. Ulikuwa unashuka Jumamosi peke yako, miguu imevimba, unakodi mtumbwi wa mtu, na ukirudi unamwambia, “Nataka niende kwa Baba Wangari na ukweli, si na mdomo.” Ulikuwa unanipimia mimi. Mimi nimenuna hapa Thika, na wewe uko majini na sukari yako unaniandikia N mahali ninapostahili N. Ulinipa tatu. Hukuninyima hata moja.

Nililia, ndugu yangu. Nekesa alinishika bega kama mimi ndiye yatima. Na hapo hapo nikamwambia habari ya pini, kwamba si wewe uliyeua ile injini, ni mimi, na kwamba ulinibebea. Akasema, “Anko, alituambia zamani. Alisema ulikuwa umetengeneza pini nzuri sana.”

Basi nikaenda Juja kwa yule jamaa wa injini za mtumba. Alikuwa nazo mbili, ya panga na ya jeti. Ya panga ilikuwa inang'aa. Niligusa moja, nikagusa nyingine, nikachukua ya jeti, kubwa kidogo kuliko tuliyopanga, ili ile theluthi ikiliwa bado tubaki na kitu. Nilikagua pampu, mabawa yake hayajalika na mchanga. Nikachomelea vyuma vyembamba kwenye mdomo wa kufyonzea, kama kichungi cha chai, kwa ajili ya N zangu tatu. Kisha nikarudi nyumbani nikafukuza kuku, nikapindua boti, nikawasha grinda. Hiyo ndiyo Jumatatu niliyoanza nayo.

Jana tulishuka mtoni. Nekesa mbele na kasia lako, mimi nyuma. Maji yamepungua, mawe mengi yako nje yanaota jua. Tulipokaribia Supavaisa mkono wangu ulitaka kupunguza mafuta. Miaka yote mkono huu umepunguza mafuta pale. Lakini jeti ukiipunguzia, boti inakaa chini na usukani unapotea, unaenda kwa jiwe kama mtu aliyeitwa. Nikakusikia kabisa, vile ulivyokuwa unaniambia nikisita mlangoni kwa ofisi ya meneja, “Ingia au rudi, usisimame hapo.” Nikakaza mafuta. Nekesa akafumba macho. Tukapita juu ya Supavaisa na sikusikia chochote, Barasa, hata kukwaruza. Niliangalia nyuma nikaliona jiwe limebaki pale pale chini ya maji, na mara ya kwanza maishani halina habari na sisi.

Kwenye N ya kwanza pampu ilisakamwa, kama nilivyosema. Ningefurahi siku nyingine. Tulizima, nikang'oa gugu kwa mkono, Nekesa akatupigia kasia mpaka maji safi huku akiimba ule wimbo wako vibaya kama wewe. Tulirudi na mumi kumi na moja. Leo asubuhi kibanda kilikuwa na foleni, na habari ya Kimilili haijatajwa tena.

Mumi mmoja aliletwa kwangu. Mama Wangari amempika mwenyewe, kwa sufuria yako, na amekula. Amesema ni chumvi tu imezidi.

Nakuahidi mambo mawili na nitayashika. Nekesa hatashuka mtoni peke yake mpaka mkono wake ujue pale pa kutopunguza. Na mtu akinipigia simu nikiwa nimenuna, nitaishika.

Lala salama, Omwami, mkubwa wangu. Kabla sijalirudisha kasia ukutani nilikaa nalo hapa barazani na kisu chako. Chini kabisa ya zile alama, karibu na mpini, palikuwa na nafasi. Nimechonga B moja, kwa ajili ya ule mfupa. Sasa ni nane kwa tatu.

Njoroge