Daraja la Chumba cha Nyuma

Jumapili, 2 Juni 1974

Panya wamekula kokoto za reli! Mume wangu Makame alitandaza chenga za mchele wa Chimala kati ya mataruma, vile vilalio vya reli yake ya mfano, akazipaka kijivu, akajisifu kwamba hakuna kokoto ndogo na nzuri kama hizo. Nilimwambia mchele ni mchele hata ukiupaka masizi. Asubuhi kaingia chumba cha nyuma, katoka na uso wa mtu aliyefiwa. Kipande kizima kimelambwa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Sabasaba hiyo inakuja na banda la mkoa limeshamtengea nafasi. Sasa anachekecha mchanga wa mtoni kwa chujio langu la chai. Chujio langu!

Lakini hilo daraja lake ni zuri, siwezi kusema uongo. Injini ya makopo ya samaki, vioo vyake vipande vya negativu zangu zilizoharibika. Reli ni spoku za baiskeli. Mataruma ni njiti za kiberiti, na kila njiti kaipaka rangi ya kijivu kwa sababu reli hii mpya ya Wachina mataruma yake ni ya zege, si mbao. Nikamuuliza, nani atajua? Akasema yeye atajua. Ndiyo hasara ya kuolewa na fundi saa.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimepiga picha ya daraja lake. Afisa utamaduni anaitaka kwa ajili ya tangazo la maonyesho. Picha tatu za kwanza ovyo – makopo juu ya gunia, basi. Nilisimama juu mno. Ikabidi nilale kifudifudi sakafuni, mtu mzima na heshima zangu, kamera juu ya tofali, jicho usawa wa reli. Lenzi nikaifunga mpaka tundu dogo kabisa ili mbele na nyuma vyote vionekane. Makame kashika kioo chake cha kunyolea, anarudisha mwanga wa dirishani.

Bado kilipungua kitu. Umbali! Nikachukua chetezo cha marehemu mama, nikatia udi, nikakiweka nyuma ya kilima cha gunia. Moshi ukatambaa bondeni polepole. Ukungu wa Mbeya wa mwezi wa sita, kabisa. Nikafyatua.

Kwenye chumba cha giza picha ilipoanza kujitokeza nilishtuka. Lilikuwa daraja la kweli, alfajiri, na treni inakuja. Makame kaiangalia sana, kasema nguzo ya tatu imeinama kidogo. Hilo tu! Hata asante hakuna.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeibandika dirishani pa studio. Watu wamejaa tangu asubuhi. Anyitike, fundi cherehani wa baraza ya pili, kaniita: "Mwe! Dada Mwanahawa, kule ulifikaje? Wenye bunduki hawakukuona?" Maana kupiga picha reli hiyo ni marufuku, mabango yapo. Nikacheka tu, sikumsahihisha. Sifa tamu.

Mchana kaja Masunga, mfugaji wa Kisukuma kutoka Usangu. Kavaa koti jipya, anataka picha yake. Kabla hajatoka kaonyesha dirishani: "Mama, na iyo treni nipatie. Naenda kwetu Shinyanga kwenye harusi ya mdogo wangu, wakaone sisi huku tunakaa na nini." Nikamwambia ni kitu cha mfano tu, kakiunda mume wangu. Kacheka mpaka kashika mbavu. Kasema mimi mama wa utani sana. Nikamtolea nakala, nikapiga muhuri nyuma kama kawaida: Studio Matano, Mbeya. Jina la baba yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Masunga kakamatwa.

Kondakta wa basi kamwambia Anyitike, Anyitike kaja kuniambia mlangoni kwa sauti ya chini. Kwenye kizuizi cha barabarani Ipogolo, pale chini ya Iringa mjini, polisi walipekua mizigo. Wakakuta picha. Wakamuuliza kaipata wapi, akajibu kwa fahari kwamba hiyo ni treni ya kwao. Wakamshusha. Basi likaondoka.

Nimeitoa picha dirishani. Muhuri wangu upo nyuma ya ile picha, jamani, muhuri wangu!

Jumatatu, 17 Juni

Wamekuja. Landrova kutoka Iringa, askari wawili na mkubwa wao, Afande Kalinga. Mpole. Afadhali angefoka.

Kauliza nilisimama wapi nikipiga. Nikasema sikusimama, nililala. Kauliza nililala wapi. Nikamwambia hapa hapa, sakafuni, chumba cha nyuma. Askari mmoja kacheka, mkubwa hakucheka. Kadhani namdhihaki.

Nikawapeleka. Ole wangu! Dirisha wazi, jua la saa nne limepiga kote. Gunia ni gunia. Makopo ni makopo, maandishi ya samaki yanasomeka tumboni mwa behewa. Kalinga kachuchumaa, kaangalia, kaangalia picha mkononi, kasimama. "Mama, mimi nina watoto. Hiki ni kitu cha kuchezea watoto. Na hii hapa ni picha ya daraja."

Basi Makame! Mtu anashukiwa ujasusi, yeye kilichomuuma ni kuambiwa kazi yake ya kitoto. Kajinyoosha kasema hapo hakuna cha mchezo, kila kitu kipo kama kilivyo kule.

"Kama kule?" Kalinga kamgeukia. "Umejuaje ya kule?"

Nikakohoa. Nikakohoa mpaka machozi. Makame kanyamaza, alhamdulillahi.

Kalinga kasema atarudi Alhamisi. Mimi nitaipiga ile picha upya, mbele ya macho yake. Isipofanana, tutapanda Landrova wote wawili. Nikamuuliza habari za Masunga. Bado yuko ndani. Harusi ya mdogo wake ilikuwa jana.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimembana Makame aniambie ukweli. Na ameniambia, bila aibu! Zile safari za kupeleka saa Mbalizi – alikuwa anashukia njiani, anakata porini mpaka darajani. Kapima kwa kamba, kila hatua fundo. Nguzo kwa nguzo. Mlinzi alipomuuliza, kasema anatafuta mbuzi wake. Mbuzi! Sisi hatujawahi kufuga hata kuku.

Kamba yenyewe ilikuwa imening'inia msumarini, juu ya meza yake, wazi kwa kila mtu. Kalinga alisimama chini yake jana! Nimeitia jikoni, nimesimama mpaka imekuwa majivu. Makame anatazama. "Choma tu," anasema. "Vipimo viko kichwani."

Nikamwomba. Nikamwita Baba Seluwa, jina la mtoto wetu, silitumii ovyo. Ukiulizwa, sema ulikisia tu. Neno moja. Akanijibu kwamba yeye hajakisia kitu tangu aanze ufundi.

Basi nikasema tung'oe nguzo moja, liwe daraja la uongo. Lakini hapo hapo nikaona mtego. Tukilibadilisha, picha haitafanana, na tutakuwa waongo. Tukiliacha, picha itafanana, na swali litabaki: umejuaje? Hata hivyo niliweka mkono juu ya nguzo. Makame kaniangalia tu. Nikautoa mkono.

Hatujasemezana mpaka sasa. Namwogopea huyu mtu, na namkasirikia, na chakula chake nimekifunika vizuri kisipoe.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika hapa kaunta, picha inakauka. Lazima mikono ifanye kitu.

Walifika asubuhi, baridi kali. Masunga walikuja naye. Koti lake jipya limekunjamana kama gunia tupu, lakini kanisalimia vilevile: "Mwangaluka, mama." Kama vile si mimi niliyempeleka kule. Nikashindwa kumtazama. Nikamletea chai na maandazi, kala yote.

Makame kapanga kila kitu kimyakimya. Kabla hatujaanza nilimnong'oneza: "Ulikisia." Akaitikia kwa kichwa. Au alikuwa anatazama injini, sijui.

Udi nikawasha. Moshi ukashuka bondeni. Nikamwomba Kalinga alale, atazame mwenyewe kwenye kamera. Kavua kofia, kalala sakafuni na magwanda yake. Kakaa pale, jicho kwenye kamera. Alipoinuka alikuwa na vumbi kifuani na hakujipangusa.

Kaingia nami chumba cha giza. Daraja lilipotokea kwenye maji, kavuta pumzi. "Haa! Mama, wewe ni hatari." Imetoka vizuri kuliko ile ya kwanza! Katoka nje kamwambia Masunga yuko huru, aende zake Shinyanga. Masunga badala ya kukimbia kasimama anaulizia nakala yake. Watu wengine!

Nilidhani wataondoka. Askari wamekwenda kwenye Landrova, ila injini haijawashwa. Kalinga karudi chumba cha nyuma. Pazia halijafungwa vizuri, namwona kaegemea ukuta, kofia mkononi, anatabasamu. Sauti yake ya kirafiki kabisa, ya mtu aliyemaliza kazi. Anamwambia Makame hongera, fundi. Hajapata kuona mkono kama huo. Halafu anauliza, kama vile anauliza bei ya nyanya, hizi nguzo na vimo vyake, ndiyo ulikisia tu?

Sema, Makame. Neno moja.

Nasikia kigoda kinavutwa. Anasafisha koo – vile anavyolisafisha mteja akimuuliza ndani ya saa kuna nini. Na sauti yake ina raha, Mungu wangu, sijaisikia raha hiyo tangu wiki iliyopita:

"Afande, chuchumaa hapa uone vizuri. Tuanze na nguzo hii ya kwanza."