Ornella, Kuta Zako za Kasenga Zimenishinda

Ni mwaka mmoja sasa, Ornella mjukuu wangu, tangu malaria ikuchukue, na brashi zako zikauke ndani ya kopo pale dirishani. Hakuna aliyezitupa.

Ulichora kuta za maduka ya Kasenga, hapa Uvira: saluni, soda, viatu, samaki. Mimi, bibi yako, ulinichora nikisinzia. "Koko, usiamke, ndiyo sura yako nzuri hiyo!"

Ugonjwa wa kichwa chako nao tuliujua. Ulipokupanda hukulala, hukula, ulichora mpaka rangi iishe. Majirani walisema, "Ni ule wazimu unamupa mkono wa kuchora." Nawe uliogopa ni kweli. Siku munganga alipokupa vidonge, ulivifumba kiganjani, ukaniangalia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Wageni wawili waliingia kwangu mlango mmoja. Nikifukuza mmoja, mwingine atabaki?"

Wageni niliwajua: ugonjwa na uchoraji. Jibu sikulijua.

"Basi nipe muji!"

Nikakupa Uvira. Ukakataa. "Uvira niko nayo. Nataka Bujumbura, kule ng'ambo ya ziwa taa ni nyingi."

Nikasema, ngoja, meza kwanza, tutaona. Ukameza.

Mwaka huu nimetembea nikitafuta jibu. Kwa Marcellin, fundi wa pikipiki, nilisimama mbele ya mukeke wako, samaki aliyepanda pikipiki na kofia kichwani. Nikasema, "Huyu alimchora akiwa mgonjwa."

"Hapana, mama! Alikuwa muzima, anameza dawa yake, anamaliza muhogo wangu. Alicheka, kidogo aanguke kwenye ngazi."

Kwa Chérie wa saluni nikaona mwanamke mtulivu, kila msuko umenyooka. "Hapa alikuwa mzima," nikasema.

Chérie akanishika mkono. "Hapana, koko. Ilikuwa mbele ya kuanza dawa. Alikuwa analia, hata jina langu hajui. Ile misuko alikuwa anaishika kama kamba."

Sasa kila ukuta nabahatisha, na kila ukuta nakosea. Mgeni mmoja ulimfukuza, mwingine akabaki, anacheka juu ya ngazi, hilo nimelipata. Lakini wale wawili walikuwa ndugu, ao walikutana tu mlangoni kwako? Nimeshindwa, mjukuu wangu. Chukua Bujumbura, na taa zake zote.

Tunaokukumbuka: mimi koko yako Geneviève, baba yako Mathieu, mama yako Nicole, mdogo wako Shalom, pamoja na wenye maduka wa Kasenga, ambao wamekataa kupaka rangi mpya.

Hatutakusahau kamwe.