Majibu ya Mapacha wa Nyanungu

Dada Rehema, shikamoo. Huku Nyanungu mvua imeacha baridi na matope, na jana nililishwa nyama ya kichuri, ile yenye nyongo. Ulimi bado ni mchungu.

Nilileta majibu ya vipimo vya Bhoke, ambaye tangu ajifungue anatoka damu isiyokatika, na ukoo wa mumewe unasema amelogwa. Kumbe ana kasoro ya kurithi inayozuia damu kuganda; pacha wake Robi anayo ileile, lakini ni mzima. Nikawaeleza wote sebuleni kwamba mwanamke ana kromosomu X mbili, nyuzi zinazobeba urithi, na katika kila seli, moja kati ya hizo hulazwa, yaani huzimwa, kwa alama ndogo za kemikali; kasoro yao iko kwenye X moja tu. Seli nyingi za Robi zimelaza X mbovu. Za Bhoke zimelaza ile nzima.

"Kumbe sijalogwa!" Bhoke akalia, na mumewe akamshika mkono.

Ndipo mama wa mchumba wa Robi, aliyekuja kusikiliza, akauliza, "Na huyu wetu, atazaa watoto wa kiume wazima?"

Nikajibu upesi, kama niko maabara: "Kila mmoja anaweza kuirithi kasoro hiyo, na mwanamume hana X ya pili ya kumkinga." Robi sikumwomba ruhusa.

Yule mama akasimama. "Asante, daktari. Umetuokoa."

Leo asubuhi wamevunja uchumba. Robi ameniletea chai bila kunitazama.

Nawapenda sana. Mama akiuliza kama nimesaidia watu huku, mwambie nimemsaidia mmoja.

Mdogo wako,
Neema