Ng'ombe Aliyepewa Likizo

Timau, Alhamisi, 14 Agosti. Leo nimetimiza miezi minne na siku tisa tangu nitoke kwangu Manyatta, Embu. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuuma masikio, ukungu umelalia ngano yote, na mgongo wangu umeamka vibaya kuliko mimi. Lakini leo nimecheka mpaka nikashika ukuta.

Hapa shambani mimi hubeba masanduku ya maua na kuyapakia kwenye lori. Shule niliacha kidato cha pili. Ila tangu Mei, nikishakula mchana, nakaa kwa kompyuta ya karani wetu, Madam Kendi. Aliniona nikisoma mambo ya kompyuta kwa simu, akaamua kunijaribu. Hakuna picha za kubofya. Ni skrini nyeusi: unaandika amri, unabonyeza, unangoja.

Hapo ndipo nilipoandika skripti yangu ya kwanza, yaani faili la amri ambazo kompyuta hufuata moja baada ya nyingine. Inachukua majina ya walioomba likizo, inayaingiza kwenye hifadhidata, daftari la wafanyakazi lililo ndani ya kompyuta, kisha inayapanga. Aliyekaa muda mrefu zaidi bila kufika nyumbani anakuwa wa kwanza. Kila baada ya wiki mbili wanatoka watu wanane.

Awamu hii mimi nilikuwa wa sita. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu, Wawira.

Jumatatu akaja Mzee M'Ikiara, anayepogoa waridi, mtu wa Kianjai. Jumamosi hii wakwe wanakuja kumposa binti yake, na baba lazima awepo. Ameomba likizo mara tatu. Mara mbili aliambiwa hakuomba.

"Nimeandika kwa mkono huu," akasema, akinionyesha mkono uliojaa mikwaruzo ya miiba. "Ama hiyo kompyuta yako inajua Waembu peke yao?"

Nikacheka. Halafu nikaangalia.

Kwenye faili la maombi jina lake lilikuwepo. Kwenye hifadhidata halikuwepo. Nikatafuta wengine waliopotea hivyo, nikapata wawili: M'Rimberia na M'Mwirichia. Wote wazee wa Meru, wote wana ile M' ya kizamani ambayo vijana wao wameiacha.

Siku mbili nimeyatazama hayo majina. Jana nikaona. Ni kile kialama kidogo cha juu, baada ya M. Hifadhidata hukitumia kujua jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Ikifika kwa M' inadhani jina limekwisha, yanayofuata haiyaelewi, inamwacha mtu nje.

Sasa niseme ukweli. Kompyuta ilikuwa ikilalamika kila mara. Mimi ndiye niliyeongeza maneno ya kuinyamazisha, kwa sababu makosa yake yalikuwa yakinijazia skrini na nikaona aibu mbele ya Madam Kendi.

Nilimziba mdomo aliyekuwa akiniambia ukweli.

Dawa yake ni ndogo sana. Jina likiwa na kialama kimoja, skripti iandike viwili mfululizo, na hifadhidata itaelewa kwamba ni kimoja tu, cha ndani ya jina. Mstari mmoja. Kuujaribu nilihitaji neno lenye kialama, na la kwanza kunijia kichwani lilikuwa ng'ombe. Likaingia. Niliruka kwa kiti.

Asubuhi ya leo nimemwambia Madam Kendi kila kitu, pamoja na ile ya kunyamazisha. Nilijua anaweza kunirudisha kwa masanduku siku nzima. Akasema, "Basi irudishe hiyo sauti yake. Halafu endesha upya, Njeru, watu wanangoja."

Nikaendesha. Akachukua karatasi ya majina, akaenda kuisoma mbele ya watu wote kwenye ukumbi wa kupakia.

"Nambari moja," akasema. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Ng'ombe."

Nilikuwa nimesahau kumtoa. Na kwa kuwa sikumwandikia tarehe yoyote ya kwenda nyumbani, kompyuta iliona hajawahi kwenda tangu azaliwe, ikamweka juu ya kila mtu. Mzee M'Ikiara, nambari mbili, akauliza kwa sauti kama huyo mwenzake anashukia Kianjai, maana kwa wakwe angemfaa sana. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu kwa kicheko.

Wazee watatu wameingia, wote juu. Mimi nikashuka hadi wa kumi. Nilipomfuta ng'ombe nikapanda hadi wa tisa.

Wanaotoka ni wanane.

Nilidhani nitaumia zaidi. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda kufunga begi lake. Kesho asubuhi anaondoka. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe, siwezi kuigeuza siku inaponibana.

Nimempigia Wawira kumweleza. Akasema, "Kwa hivyo umepitwa na ng'ombe."

"Na wazee watatu," nikamwambia.

"Wazee ni sawa," akasema, akaanza kucheka, na mimi nikacheka naye mpaka salio likaisha.

Awamu ijayo mimi ndiye wa kwanza, nimeangalia mara tatu. Jina langu halina kialama. Nitafika Manyatta Ijumaa, tarehe 29 Agosti, kabla ya chai ya saa kumi.