Wakala wa Kumuozesha Nasra

Ghent, Ubelgiji
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kaka yangu Suleiman,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ni haki yako, umenizidi umri, na Mama hakutulea tuvunjiane heshima hata tukigombana. Na leo tutagombana. Hali yako vipi? Ile sukari imeshuka, au bado unaila halua dukani ukidhani shemeji hajui? Mama je, bado anatoka barazani asubuhi kuota jua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto limevimba, nnalifunga barafu kila nikitoka mazoezini, na baridi ya huku inajua pa kuingilia.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Nimeusikiliza nimesimama, nikakaa, nikausikiliza tena. Umezunguka weee: mvua, bei ya mchele, msikiti umepakwa rangi mpya, halafu mwishoni, kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, ukasema Nasra ameposwa, wakwe ni watu wa Malindi hapo mjini, watu wa heshima zao, nikaha ni Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, na itapendeza mimi nisije. Nikupe wakala tu, umuozeshe wewe kwa niaba yangu. Na sheikh anataka karatasi yenye saini, sauti ya simu haitoshi. Itapendeza! Neno hilo umelitoa wapi, Kaka? Itampendeza nani?

Nasra ni mwanangu, na sina mwingine. Najua umemlea wewe na shemeji hapo Kikwajuni tangu mimi na mama yake tulipoachana, yeye akarudi kwao Jambiani na mimi nikaja huku, na hilo sitolisahau mpaka naingia kaburini. Kumlea umemlea. Lakini baba mtu akiwa hai, ana akili zake, ndiye anayemshika mkono bwana harusi akasema nimekuozesha. Haki hiyo Mungu kanipa mimi, hakukupa wewe wala watu wa Malindi.

Sababu yenyewe nimeipata kwa shemeji, maana wewe ilikushinda kuitamka. Kumbe wakwe waliambiwa baba yake Nasra ni mwalimu wa mazoezi ya viungo, yuko hospitali Ulaya, anawanyoosha wagonjwa. Aliyewaambia ni wewe. Halafu shangazi yake Fahmi, bwana harusi, akafungua simu yake akaniona kwenye video, kifua wazi, najiviringisha sakafuni pamoja na wazungu. Lo, ikawa maneno: huyu ndiye mwalimu wa viungo? Na wewe, badala ya kusema naam, huyo ndugu yangu na hiyo ndiyo kazi yake, ukawaambia msiwe na wasiwasi, siku ya harusi hatokuwepo. Umeniuza rahisi khasa, Kaka.

Hebu nikwambie walichokiona watu hao, kwa sababu hata siku moja hujaniuliza kazi yangu ikoje. Mimi huku ni mtunga dansi. Asubuhi naingia ukumbini, sakafu ya mbao, baridi, wachezaji wamekaa chini wananyoosha miguu. Nawapangia nani aende wapi, nani aanguke, nani amdake. Tunarudia kipande kidogo mpaka mtu analia, halafu tunarudia tena. Na dansi ile waliyoiona ni ya Baba. Ni wachukuzi wa bandarini wanapakia karafuu: wanavyoinama, wanavyovuta pumzi kabla gunia halijapanda begani, wanavyopita juu ya ubao bila ya kutazama chini. Gunia lenyewe halipo, lakini mchezaji akilibeba sawasawa anayetazama analiona. Kuna msichana mmoja, Lotte, alinisumbua sana. Akaniambia, "Khamis, mimi maishani mwangu sijapata kubeba kitu kizito." Nkamwambia basi simama karibu yangu, tazama bega langu. Kifua wazi, ndiyo. Baba alikuwa kifua wazi bandarini umri wake wote, kila mtu mjini anamuona, na watu haohao wa Malindi wakimwita Mzee Juma mtu wa kazi. Sikusikia aliyefumba macho.

Wala usidhani huku napigiwa makofi tu. Meneja wa ukumbi alikuja mazoezini, akatazama mpaka mwisho, akasema nzuri sana, lakini ngoma ziko wapi? Vinyago viko wapi? Watu wanataka waione Afrika. Nkamjibu mimi nimekulia Unguja, hatuvai vinyago, na bandarini watu wanafanya kazi, hawapigi ngoma. Akacheka, akanigonga begani kirafiki. Juzi nimeambiwa msimu ujao ukumbi atapewa mwengine. Kwa hivyo nyinyi mnanificha kwa kuwa ni mcheza ngoma, na hawa wananitoa kwa kuwa ngoma sipigi. Nambie wewe mwenye duka na akili, mtu kama huyo akakae wapi?

Lakini hayo ya meneja nnayameza. Linalonichoma ni wewe. Nani alonifundisha mimi kucheza? Umesahau harusi za Jang'ombe, ngoma ya kidumbaki inalia uani, watu wamekufanyia duara? Mabega yako hayakuwa na mfupa, Suleiman. Nilikuwa nakutazama mpaka pilau langu linaliwa na wengine. Tukirudi nyumbani ukinisimamisha nyuma ya kisima, unanigombeza, "Usiruke, we Khamis! Ukiruka unakuwa kama kuku. Teleza." Hiyo teleza ndiyo nnayowaambia wazungu mpaka leo, kwa Kiswahili, na wanaijua. Ulipopata duka Darajani na ndevu zako ukaamua hukupata kucheza hata siku moja. Sawa, hayo ni yako. Mbona sasa na mimi umenifuta? Nilipoanza kucheza kwenye mahoteli ya Mji Mkongwe majirani walimwendea Baba na maneno yao. Akanikalisha, akaniuliza, "Wamekulipa?" Nikasema wamenilipa. "Umeswali?" Nikasema nshaswali. "Basi nawa mikono ule." Yakaisha palepale.

Mimi nilikuwa nshaamua. Wakala sitoi, nakuja mwenyewe, na atakayeona haya ageuke atazame ukutani. Hata mazoezi nilianza, cheka ukitaka. Nilimkalisha mchezaji wangu mmoja mbele yangu, mkono wake wa kulia ndani ya wangu, nikasema nimekuozesha binti yangu Nasra kwa mahari mliyokubaliana. Nilipofika kwenye binti yangu nikaurekebisha mkono wake, nikaanza upya. Nikarudia, nikaurekebisha palepale. Yule kijana akaniuliza hiki ni kipande cha dansi gani. Nkamwambia hii si dansi.

Halafu Nasra akapiga simu mwenyewe. Nilikuwa kituoni nangoja treni.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nnakuja, umesikia? Nakuja kukuozesha."

Akanyamaza. Kaka, kazi yangu mimi ni watu wasiosema. Namjua mtu anayetafuta neno, na namjua aliyekwisha kulipata ila hataki kulitoa. Nikamngoja. Treni ikaja, ikaondoka.

"Fahmi mwenyewe hana neno, Baba," akasema. "Ni mama yake. Na mimi ndiye nitakayekaa nao nyumba moja."

"Kwa hivyo nisije."

"Sijasema hivyo, Baba." Akalia kidogo, halafu akajikaza, akaanza kunibembeleza mimi, baba mtu mzima. "Video tutakutumia. Yote, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Video! Mimi niliyekataliwa kwa ajili ya video. Hilo sikumwambia. Nilimuuliza nguo yako rangi gani, akanambia kijani, nikasema kijani kinakupendeza tangu mdogo. Mtoto hana kosa. Amekulia katika nyumba ambayo kazi ya baba yake haitajwi, na mwenye nyumba ni wewe. Hilo leo siwezi kukusamehe. Labda Mungu atanilainisha moyo, lakini leo siwezi.

Basi ndani ya bahasha mna karatasi mbili. Hii yenye maneno makali ni yako, ile nyengine ni ya sheikh, na tafadhali usije ukazichanganya. Ile ya sheikh mara ya kwanza niliandika hivi: mimi Khamis bin Juma, mcheza ngoma na mtunga dansi, baba yake Nasra. Niliandika makusudi, sheikh aisome mbele ya wakwe na mashahidi, wasikie wote, na wewe umekaa hapo na joho lako. Wallahi niliona raha. Kisha nikamfikiria Nasra ndani kwa wanawake, amejitanda, na spika inayatoa maneno yale mbele ya mama mkwe. Nikaichana. Hii uliyonayo inasema tu kwamba mimi, baba yake, kwa hiari yangu na akili zangu timamu, nimekupa wakala wewe ndugu yangu, baba mmoja mama mmoja, umuozeshe binti yangu Nasra kwa Fahmi kwa mahari aliyoitaka mwenyewe. Kazi ya baba sikuitaja, kama mlivyotaka. Ila mkono wa kijana umshike khasa, usimshike kama unampa mteja chenji, kwa sababu siku hiyo mkono wako huo si wako, ni wangu.

Mpe Mama shikamoo yangu, mwambie goti si kitu, asianze kuchemsha madawa. Shemeji msalimie sana, yeye peke yake ndiye alonambia kweli. Bi Zuhura, mama yake Nasra, akija kutoka Jambiani mpe mkono wa heri, mwambie mwanetu tumemuoza. Na Mzee Makame muuza kahawa hapo mtaani, maana najua huniulizia, akikuuliza Khamis anafanya nini, mjibu kuwa anacheza. Huyo hana mtoto wa kuoa kwetu.

Nasra mwambie kuwa hata kama asingepiga simu ile nisingeweza kuja, kazi zimenibana. Kuongopa unakujua, Kaka, basi niongopee na mimi hili moja. Asije akajua kuwa tiketi nilishakata.

Ni mimi mdogo wako,
Khamis